Rangi ya Mto

Wenzake kiwandani walimwita Fundi Povu, na jina likamkaa. Kazi yake ilikuwa katika banda la nyuma ya kiwanda cha kutia rangi vitambaa, yeye peke yake na tangi moja lililopangwa mabamba ya chuma. Maji machafu yakishaingia, aliwasha umeme. Chuma kikaliwa kidogo kidogo, kikaikamata rangi, vikashikana mabonge, na povu la kahawia likapanda juu. Kila nusu saa aligeuza swichi, bamba la chanya liwe la hasi na la hasi liwe la chanya, yasije yakashika ukoko. Maji yaliyotoka upande wa pili yalikuwa meupe pe. Yalikwenda zake mtoni, wala hakuna aliyekuja kuyatazama.

Msidhani alikuwa mtu wa kununa. Alitaniana hata na mabamba: "Nyinyi mnaisha, mimi naisha, tuone nani atatangulia." Lakini utani usio na wa kuujibu huchosha haraka.

Kabla tangi halijaletwa, simu yake ilikuwa ikilia. Binti yake, mtoto wake wa pekee, aliolewa huko chini mto unakopita, mwendo wa saa mbili kwa miguu.

"Shikamoo baba. Leo mto mwekundu!"

"Marahaba mwanangu. Leo ni mashuka."

"Mashuka gani, baba? Mtatuua!"

Walizozana weee, na ugomvi ukiisha ndipo alipoambiwa mjukuu ameng'oka jino. Tangu mkewe afariki, mazungumzo yake yalikuwa hayo tu. Kisha tangi likaja, mto ukatakata, simu ikanyamaza. Miezi saba sasa. Apige yeye? Thubutu! Kwake yeye shikamoo hutoka kwa mdogo kwenda kwa mkubwa, na mzazi hajipeleki kusalimiwa. Kiburi cha bure, lakini ndicho alichobaki nacho nyumbani.

Jumatatu moja asubuhi maji mekundu ya mashuka yaliingia. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye swichi, ukaiacha, ukaenda kwenye koki ya bomba la pembeni, lile la dharura linalopeleka maji mtoni moja kwa moja. Alijua ni kosa. Alijua pia kwamba upweke umemchosha mpaka mifupa inamuuma. Akafungulia robo saa nzima, akafunga. Kisha akaiweka simu mezani, akakaa mbele yake.

Saa saba mchana ikalia.

"Baba!" Hakukuwa na shikamoo. Binti alikuwa anahema. "Uko hai?"

"Niko hai, mwanangu. Kuna nini?"

"Mto mwekundu! Nimemtoa mtoto majini mbio mbio, nguo nimeziacha hapohapo, tuko njiani tunakuja. Nilijua umeanguka huko, na huna hata wa kukuokota."

"Kwa nini nianguke?"

"Kila siku nikienda kufua naangalia maji. Yakiwa safi nasema, haya, baba kaamka, yuko kazini, mzima. Sina haja ya kukusumbua. Sasa leo..." Hakumaliza. Alikuwa analia.

Fundi Povu aliangalia ile koki. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni: koki mbovu, umeme umekatika, lolote lingefaa. Aibu ikamzidi nguvu.

"Nimeyafungulia mwenyewe," alisema. "Nilitaka upige."

Alisikia magari yakipita, halafu sauti ya mjukuu ikiuliza kama babu amekufa, naye akaambiwa hapana, hajafa.

"Baba," binti alisema polepole, "namba yangu si unayo?"

Alikuwa nayo. Aliijua kwa kichwa.