Ubao wa Boukje

Jeltje alimpa mumewe siku tatu za kukiangalia kisiwa, na hakumsukuma. Nyumba ya marehemu mama yake kule Schiermonnikoog, kisiwa cha kaskazini mwa Uholanzi, ilikuwa tupu tangu Machi. Kaka yake Sikke, aliyeirithi pamoja naye, alitaka jibu kabla ya kivuko cha Jumatatu: mnahamia, au niwapangishe watu wengine? Jeltje alizaliwa katika nyumba ile. Harmen alikuwa mtu wa bara, seremala mstaafu, na mikono yake haikujua kukaa bure.

"Pazuri," alisema asubuhi ya kwanza, akiwatazama bata bukini wakila majani malishoni. "Kimya kizuri. Lakini nitafanya nini hapa, Jeltje? Niwahesabu bata?"

"Wapo watu wa hifadhi ya taifa wanaolipwa kuwahesabu."

"Basi hata hiyo kazi imeshachukuliwa."

Jumamosi Harmen alipanda baiskeli akaenda ufukweni peke yake. Jeltje alikwenda kununua mkate, akakutana na huyu na yule, akachelewa. Aliporudi alisikia msumeno ukilia uani. Kizingiti cha mlango wa nyuma, kilichokuwa kikioza kwa majira mawili ya baridi, kilikuwa kimeng'olewa. Mahali pake palikuwa na kipya cha mti mwekundu mgumu, kimekaa kama jino kwenye ufizi. Harmen alikuwa anapiga mluzi. Jeltje hakuwa ameusikia mluzi ule tangu siku mumewe aliyostaafu.

"Ubao umeutoa wapi?" aliuliza, naye akitabasamu.

"Ufukweni, wa bure. Ulikuwa juu kabisa, chini ya matuta ya mchanga. Mtu ameuviringishia kamba ya buluu, nikaifungua nikaileta hapa kwenye pipa la taka. Hifadhi ya taifa, halafu watu wanatupa kamba ovyo!"

Jeltje aliweka mkate chini. "Harmen. Ubao ulitembea wenyewe kutoka majini hadi kwenye matuta?"

"Maji yalijaa sana, labda."

"Na maji yakafunga fundo?"

Harmen alitua msumeno taratibu. Hakuwa mjinga, ni kwamba kwao hakukuwa na bahari. Jeltje akamweleza kitu ambacho yeye mwenyewe hakukumbuka kufundishwa: kilicholetwa na maji ni cha aliyekivuta juu na kukitia alama, na kikishatiwa alama kinaweza kulala pale mwaka mzima, hakuna mkono utakaokigusa. Kamba ya buluu ilikuwa alama ya binamu yake Boukje, nyumba ya tatu kutoka pale.

Hakumweleza lililomtia hofu. Kisiwani watu hawapigi kelele, wanakumbuka. Palikuwa na mzee aliyechukua ngazi ya mwenzake, wakamwita Ngazi kwa miaka arobaini, hata mazishini jina lake halisi likawapotea. Harmen akipewa jina la namna hiyo, angepanda kivuko na asirudi tena.

"Nitakwenda mimi," alisema. "Ni binamu yangu."

"Aliyekata ni mimi," Harmen alijibu. Akajipangusa vumbi la mbao, akaitoa kamba pipani, akaikunja vizuri.

Walimkuta Boukje mlangoni akimenya viazi. Alikuwa mwanamke wa mifupa mikubwa, mjane wa miaka sabini na kitu.

"Dada Boukje, nimekuletea kamba yako," Harmen alisema. "Ubao nimeukata. Nusu yake ni kizingiti chetu."

Boukje aliitazama kamba, kisha akamtazama yeye. "Nusu nyingine ina urefu gani?"

"Mita moja na robo."

"Ulikuwa uwe benchi langu. Sasa utakuwa benchi la mtu mmoja, na mimi nina makalio ya watu wawili." Jeltje akacheka, Boukje hakucheka. "Niliuburuta peke yangu, shemeji, na goti hili bovu. Nikauacha ukauke."

"Nikitoe kizingiti?"

"Kiache. Nyumba ya shangazi haiwezi kukaa mdomo wazi."

"Basi nitaagiza ubao mwingine bara, mzuri zaidi."

"Wa dukani?" Boukje alisema, kama mtu aliyeambiwa anywe maji ya kuoshea vyombo. "Hapa haiendi hivyo. Umechukua ubao wa bahari, utarudisha ubao wa bahari. Unautafuta mwenyewe, unauvuta mwenyewe, unaufunga kamba hiyo hiyo."

"Na mbao za bahari zinakuja lini?"

"Sasa hivi utaokota chupa na viatu. Mbao huja na dhoruba, Oktoba mpaka Februari. Mimi sina haraka." Akaweka kisu chini. "Kahawa mtakunywa?"

Walikunywa kahawa na biskuti mojamoja, na kopo la biskuti likafungwa, kama ilivyo desturi ya kule. Wakati wa kuagana Boukje alimwita Harmen kwa jina lake. Jeltje aliliona hilo, akashusha pumzi.

Jumapili asubuhi Harmen aliamka kabla yake, wakaenda ufukweni pamoja. Maji yalikuwa yamekupwa mbali, na mchanga ulikuwa mpana kiasi kwamba watu wawili waliokuwa upande wa pili walionekana kama vijiti. Harmen aliufuata mstari wa takataka za maji bila kuruka hata hatua moja. Akapata kiatu cha mguu wa kushoto, boya, na kipande cha kreti chembamba kama biskuti. Alikipima kwa vidole, akakirudisha chini. Jeltje alitembea nyuma yake.

"Upepo wa kuleta mbao ni upi?" Harmen aliuliza.

"Wa kaskazini-magharibi. Kule."

Harmen alisimama akatazama kule. Halafu akatoa simu.

"Sikke? Nyumba usimpe mtu... La, tunakaa. Nina ubao wa kutafuta." Akasikiliza. "Hata nikiupata Oktoba, siondoki. Benchi litatengenezwa na nani? Na mlango wa mbele umeuona ulivyo?"

Aliirudisha simu mfukoni, akaendelea na mstari wake, akihesabu kwa sauti vifaa vya kuletwa: randa mbili, patasi, jiliwa la kubania mbao. Kwenye meza ya useremala akasita.

"Ile meza ni nzito, Jeltje. Kivuko kitaibeba?"

"Kinabeba ng'ombe," alisema Jeltje.