Chupa ya Mgeni

Ghala lilikuwa tupu, na sakafu bado ilikuwa na majimaji ya kudekiwa. Hilo ndilo lililomkera Mama Kifungu kuliko utupu wenyewe. Mtu anayekimbia polisi huacha ndala, huacha ufagio, huacha hata mlango wazi. Huyu alipiga deki! Alihama kama mpangaji mwenye adabu, akabakiza harufu ya sabuni.

"Mara ya pili hii," alisema Jirani, amesimama mlangoni, mikono nyuma.

Mikono nyuma ilikuwa sehemu ya kazi. Wote wawili walikuwa waendesha mashtaka, ila Jirani alikuwa wa nchi ya pili, ng'ambo ya mpaka. Kwa mapatano ya nchi zao, akija huku anaruhusiwa kutazama tu. Hagusi boksi, hafungui droo, na akiwa na swali anamnong'oneza Mama Kifungu, naye ndiye aulize. Lakini asipokuwepo, mahakama ya kwao haipokei ushahidi. Kwa hiyo kila upekuzi sharti aje, asimame pale kama mkwe aliyekuja kuposa.

Waliyekuwa wakimwinda ni Mzee Vidonge, mfanyabiashara aliyetengeneza dawa bandia ya homa ya watoto upande huu na kuiuza upande wa pili. Siku ya kwanza Jirani alipokuja, aliweka mezani chupa ndogo ya dawa ile, imebaki nusu. "Mtoto hakufika kuimaliza," alisema, basi. Mama Kifungu aliiweka juu ya kabati lake la mafaili. Tangu hapo hakufungua kabati bila kuiona, na kila akiiona roho ilimuuma.

Sasa maji yalikuwa shingoni. Mkuu wake alikwisha kutamka: wakiambulia sakafu mara ya tatu, faili linafungwa na Mzee Vidonge anaombwa radhi.

Siri ilikuwa inavuja wapi? Askari waliambiwa safari wakiwa tayari garini. Siku ya upekuzi walikuwa wakiijua watu wawili tu, na wawili ukimtoa mmoja anabaki mmoja. Mama Kifungu alijitoa yeye. Huyu ni mwanamke ambaye hata ukimwomba kalamu hukutajia kifungu cha sheria kwanza, ndiyo maana wenzake wakambandika jina hilo, atauzaje siri? Akabaki Jirani. Akaanza kumchunguza. Viatu vile vipya kavipata wapi? Mbona simu yake huilaza kifudifudi? Naye Jirani alikuwa siku hizi anakatisha maneno kila Mama Kifungu anapoingia, na macho yake yalikuwa yakimsoma, yakirudi, yakimsoma tena.

Hatimaye alikwenda kwa mkuu akalitoa. "Yule mtu anatuuza."

Mkuu alitikisa kichwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema, na Mama Kifungu akaona wameelewana.

Hata hivyo, mgeni ni mgeni. Ofisi ile haikupokea mtu wa nchi nyingine bila chai, na chai ilitoka kwa wifi yake, mjane wa kaka yake, mwenye kibanda mkabala na mahakama. Jirani alikuwa na ugonjwa wa sukari, kwa hiyo alitengewa chupa yake ya chai, na Mama Kifungu mwenyewe aliifunga utepe wa kijani isije ikachanganywa na nyingine. Alijivunia wema huo. Hata mtu unayemshuku usimuue kwa sukari.

Upekuzi wa tatu ulipopangwa, alivuka barabara mchana kwenda kuagiza.

"Wifi, keshokutwa nina mgeni."

"Yule wa bila sukari?" Wifi alicheka, akaitoa chupa kabatini, akainusa, akakunja uso. "Haya, kesho asubuhi naianika. Chupa ikilala kabatini inanuka, lazima ipigwe jua kutwa nzima."

"Unaianika wapi?"

"Si hapo dirishani! Tena huyu wakili wa Mzee Vidonge ananitania kweli. Akija kunywa chai yake ya asubuhi, akiuona tu huo utepe, anasema, 'Shemeji, kumbe kesho tuna ugeni!' Siku hiyo hata kikombe hamalizi."

Mama Kifungu aliketi kwenye benchi.

Wifi aliendelea kusuuza vikombe, na Mama Kifungu akamtazama mgongo. Anajua? Hajui? Mbona anacheka? Mtu anayejua angelisema hivi hivi, wazi wazi? Au amelisema ili aonekane hajui? Haya alikuwa akimwazia mwanamke aliyemzika naye kaka yake, na alijichukia kwa kuyawaza, lakini hakuacha.

"Basi ianike kama kawaida," alisema, akaondoka uso mkavu.

Ofisini alifunga mlango, akafikiri. Mzigo wote ule unakwenda wapi kwa usiku mmoja? Maghala ya upande huu alikwisha kuyapekua yote. Ulibaki upande mmoja tu: kwa Jirani, siku ambayo Jirani mwenyewe yuko safarini kuja huku, na kwao hakuna anayetazama. Ama kweli, mgeni njoo mwenyeji apone! Akapiga simu.

"Usije," alimwambia.

"Mmefunga faili?"

"Hapana. Huku chai itaandaliwa kama kwamba unakuja. Wewe kaa kwenu, mpakani, utazame kinachoingia."

"Nani mwingine anajua?"

"Mimi na wewe."

"Ndivyo ulivyosema mara zote mbili."

Lilimchoma, maana lilikuwa kweli. "Sina cha kukuapia, Jirani. Ukienda ukakosa, nitukane."

"Nitakwenda," alisema taratibu. "Ila nitakaposimama sikuambii."

Kesho yake chupa ilikuwa dirishani, imefunikwa kichwa chini, utepe ukipeperuka. Mama Kifungu alisimama nyuma ya pazia la ofisi kama mke mwenye wivu. Alimwona wakili anafika, anatazama dirishani, anatania, Wifi anacheka. Kisha wakili akanyanyuka, akaacha chai yake inatoa mvuke. Siku ile Mama Kifungu hakula. Kama mvujishaji ni Jirani, basi amemkabidhi mwizi ufunguo kwa mkono wake.

Simu ililia asubuhi iliyofuata.

"Malori mawili," Jirani alisema, sauti imekauka. "Na mzee mwenyewe kiti cha mbele. Safari hii mikono yangu haikuwa nyuma."

Mama Kifungu alilia. Alilia huku ameshika ile chupa ya dawa, na hakuona haya.

Adhuhuri wapelelezi walivuka barabara. Walimhoji Wifi habari za wakili, wakaitia chupa ya chai kwenye mfuko wa plastiki iwe kielelezo. Walipoondoka, Wifi alipanda ngazi za ofisi na aproni yake kiunoni.

"Ulijua tangu ulipokaa kwenye benchi langu?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungebadilika uso. Wakili angeshtuka."

"Ni hilo tu, wifi?"

Hapo alitakiwa kujibu upesi. Neno lilikuwepo, fupi, la uongo, lingetosha kabisa. Alichelewa.

Wifi alisubiri, kisha akaitikia kwa kichwa kana kwamba amejibiwa. "Bahati kaka yako hayupo," alisema, akashuka ngazi. Kibanda hakikufungwa, ila chai ya ofisi haikuletwa tena.

Jirani alipokuja kuchukua ushahidi, Mama Kifungu alichemsha chai mwenyewe kwenye birika la ofisi, bila sukari, akammiminia. Jirani alishukuru. Akafungua mkoba wake, akatoa chupa ya chai aliyokuja nayo kutoka kwao, akaiweka mezani.

"Mkuu wako alimfikishia mkuu wangu maneno uliyosema juu yangu," alisema bila hasira. "Walinihoji. Walipekua mpaka kabati la mke wangu. Uliponipigia simu kuniambia nisije, ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka kwenye chumba cha mahojiano."

"Na ukaenda mpakani."

"Nilikwenda kwa ajili ya huyu." Alinyoosha mkono, akaichukua chupa ya dawa juu ya kabati, akaitia mkobani polepole. "Sikwenda kwa ajili yako."

"Nisamehe, Jirani."

"Nimekusamehe. Mimi pia nilikudhania." Akajimiminia chai yake, akanywa. "Ila kwa chai, ndugu yangu, nitakuwa nakuja na yangu."

Wakamaliza kazi yao, wakapeana mikono. Alipoondoka, kikombe cha mgeni kilikuwa bado mezani, kimejaa, kimepoa. Dirishani, ng'ambo ya barabara, Wifi alikuwa akihudumia wateja bila kutazama upande huu. Mama Kifungu alikivuta kikombe kile, akakinywa chote.