Meno Meupe ya Trailo

Kaburi la Trailo na mkewe Stanija lilikuwa tayari kabla hata mmoja wao hajaugua. Kijijini kwao, karibu na mji wa Negotin, hilo si jambo la kushangaza. Mtu mwenye akili hujichongea jiwe lake angali hai, na sura yake imechorwa juu ya jiwe hilo, asije akawaachia watoto kazi hiyo wakaiharibu. Jiwe lao lilikuwa jeusi, zuri, na lilimkera Stanija kila alipokwenda kung'oa majani. Yeye juu ya jiwe anacheka mpaka mashavu yameinuka. Trailo pembeni yake amebana midomo kama mtu aliyenyimwa chakula.

"Yaani nilale milele karibu na mtu aliyenuna?" alikuwa akisema. "Mungu wangu, nimekosa nini?"

Alijua alichokosa, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Siku ya ubatizo wa binti yao Borka, Trailo alikuwa akicheka kwa sauti mbele ya wageni, na Stanija, mwanamke wa mdomo mwepesi, akamwambia, "Funga hicho kinywa, mume wangu, kuku wataona mahindi." Watu walishika mbavu. Trailo naye alicheka, kiganja mdomoni. Kiganja hicho hakikutoka tena. Borka akakua, akaolewa, na bado mzee akichekeshwa alificha mdomo. Na meno yenyewe, tuseme kweli, yalikuwa na rangi ya mahindi ya njano: divai nyekundu ya shamba lao, kahawa nzito asubuhi na jioni, sigara za kusokota mwenyewe.

Kisha ini la Stanija likaharibika, na hospitali wakamrudisha nyumbani akalale kitandani mwake. Kila mtu alielewa maana yake.

"Trailo," alisema siku moja, mume akimnywesha supu, "nilikuwa mjinga siku ile. Lile neno la mahindi."

"Neno gani?"

"Usijifanye. Nakuomba kitu kimoja. Piga picha unacheka, mchongaji aibandike kwenye jiwe. Ila kwanza nikuone mimi mwenyewe, kwa macho yangu haya. Nikishaona, basi, naenda zangu."

"Huendi popote."

"We mwanaume, hata kudanganya hujui."

Trailo akatoka moja kwa moja hadi jikoni. Alikamulia limau kwenye soda ile ya kuokea mikate, akachovya mswaki, akasugua kwa nguvu zake zote za kulimia mizabibu. Borka, ambaye alikuwa msaidizi wa daktari wa meno mjini, alimkuta ameinamia beseni lenye povu la damu.

"Baba! Unasugua meno au sufuria?"

"Mama yako anayataka meupe."

"Limau linakula ganda la jino! Na wewe unalichubua juu yake. Ganda likiisha halioti jingine, na chini yake ndiko iliko njano yenyewe. Vaa koti, twende."

Daktari aliziba kwanza jino lililotoboka, akakwangua ukoga, akaacha ufizi upone. Ndipo akamtengenezea vifuniko vyembamba vya plastiki vilivyolingana na meno yake, na dawa ya kung'arishia isiyo kali. Masharti alisimamia Borka, na Borka alikuwa na ulimi wa mama yake.

"Tone dogo tu kila jino, kama punje ya ngano. Ikigusa ufizi, ifute. Muda ni ule aliosema daktari, usizidishe eti yang'ae haraka. Yakianza kuuma ukinywa maji baridi, pumzika. Na divai, kahawa, sigara, marufuku."

"Zote?"

"Zote. Na lile jino lako la dhahabu litabaki lilivyo, usije ukanilaumu."

"Bora ungeniua tu."

Lakini alitii. Mtu aliyezaliwa katikati ya mapipa ya divai akawa anakunywa maji, na Stanija kitandani akawa anamtania kwamba farasi wa jirani wataanza kumwamkia wakidhani ni mwenzao. Kila siku alimwambia, "Hebu nione."

"Bado."

"Kidogo tu, Trailo."

"Yakikamilika. Jumapili mpiga picha anakuja, utayaona yote."

Jamani, mzee huyu! Mtu anakuomba akiwa hawezi hata kugeuka kitandani, na wewe unampangia miadi! Lakini moyoni Trailo aliogopa. Meno yalikuwa yanang'aa kwa mabaka, moja jeupe, jirani yake bado, na hakutaka mkewe aone tena mahindi. Alitaka ampe kitu kilichokamilika, mara moja tu.

Ijumaa asubuhi Stanija alimshika mkono uleule uliokuwa mdomoni. "Toa," alisema. Hakuwa na nguvu za kuuvuta.

"Keshokutwa, mke wangu."

"Mkaidi wewe," alisema, akatabasamu, akafumba macho. Hakuyafumbua tena. Kabla ya adhuhuri pumzi ilianza kukatika. Borka aliwahi kumshikisha mshumaa unaowaka, maana kwao kufa bila mshumaa mkononi ni kwenda gizani. Trailo yeye hakuwahi kitu.

Walipomlaza sebuleni, wanawake wakaanza kumlilia kwa kuongea naye, kama desturi ilivyo, wakimuuliza kwa nini ameacha jiko na kuku wake. Trailo alikaa kichwani pake, kiganja mdomoni. Waliposema kuku, kiganja kikaanguka. Alilia kinywa wazi, kwa sauti ambayo hata Borka hakuwahi kuisikia, na meno yakaonekana, meupe, safi, mabaka yamekwisha.

"Hebu tazama meno ya Trailo," Živka jirani alimnong'oneza mwenzake. "Kama ya kijana."

Jumapili mpiga picha alikuja na mkoba wake, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kumzuia, akawakuta wanatoka makaburini. Trailo alimpa mkate na glasi ya divai ya kumkumbuka marehemu, akamwambia jiwe litabaki lilivyo.

Jumamosi iliyofuata alikwenda peke yake na birika la kahawa. Alimwagia Stanija kahawa yake ardhini, kama wanavyowafanyia wafu wao, akaketi mbele ya jiwe. Mke alikuwa anacheka. Yule Trailo wa jiweni alikuwa amebana midomo. Mzee akatazama huku na huku kuona kama kuna mtu, akashusha mkono, akafungua kinywa kwa upana, hata jino la dhahabu likapigwa na jua.

"Haya, nimetoa," alisema. "Tazama basi."

Akangoja.

"Sema mahindi, Stanija. Nakuomba, sema tu."