Kitanda Namba Saba

Ninalala saa saba na nusu mchana, kwenye benchi la chumba cha chai, viatu miguuni, kofia ya unesi usoni kuzuia nzi, na kabla usingizi haujanibeba namsikia Sikudhani wa kitanda namba saba akiita nesi, nesi, mtoto anakuja. Mimba ya kwanza. Hawa wa mimba ya kwanza hupiga kelele uchungu ukiwa bado haujaanza kazi, ninawajua, miaka ishirini na miwili ninawazalisha. Na huyu amekuja mikono mitupu, hana hata glovu, ilhali kliniki wanaambiwa wote waje na glovu, pamba, wembe na mpira wa kutandika. Wifi yake ametoka kwenda kuzitafuta dukani. Glovu za wodi zipo, nimezifungia kabatini, ni za dharura, na dharura naiamua mimi. Subiri, namjibu kwa sauti, kisha nafumba macho.

Benchi linarefuka. Linakuwa korido, na korido inakuwa barabara, na mimi natembea juu yake peku, nimejifunga kanga badala ya gauni langu jeupe, na tumbo langu, tumbo la mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyeacha kuzaa zamani, linakua kwa kila hatua. Barabara inaingia katika mji wa nyumba za vioo. Katika kila kioo nipo mimi, nimeinama, nimeshika kiuno, nageuka kushoto nipo, nageuka kulia nipo, natoka mjini na barabara inanirudisha mjini, hivyo hivyo, mpaka uchungu unanishika na kunipigisha magoti. Naogopa. Nilisahau kwamba unauma hivi. Mbele yangu wamesimama manesi wawili, magauni yamepigwa pasi, nyuso hazina macho wala pua wala mdomo, laini kama yai lililomenywa. Shikamooni dada zangu, nasema, mimi niliyezoea kuamkiwa, leba iko wapi? Iko nyuma ya mlango unaofungwa na yule anayetaka kuingia, anasema mmoja. Nani atanipokea? Atakupokea uliyemwacha. Jamani, semeni kama watu, mtoto anakuja! Wanacheka, na kicheko chao nakijua, ni changu, kile cha kusimulia vituko vya wagonjwa tukinywa chai.

Wananipandisha kitandani. Hakuna shuka, mpira mtupu na baridi yake. Umekuja na vifaa? Sina, dada, ila mimi mwenyewe ni Nesi Generoza, niulizieni, glovu zipo kabatini pale, naziona kwa kioo. Ufunguo je? Uko mfukoni mwa gauni langu. Na gauni liko wapi? Najipapasa, nashika kanga. Basi subiri, wanasema, na kila kioo cha mji ule kinasema subiri. Ninapiga yowe. Kibao kinatua pajani, pale pale ninapowapiga mimi, upande wa ndani ambako hakiachi alama. Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulilia hivi? Maneno hayo niliyatunga mimi, Sista Apolonia akacheka mpaka chai ikampalia, na tangu hapo wodi nzima tunayatumia. Sasa yananiingia masikioni na sioni kinachochekesha. Panua miguu, unatuulia mtoto. Napanua. Kichwa kinatoka na hakuna mkono. Mkamateni, nasema, mkamateni, anaanguka! Hatumgusi bila glovu. Nakuomba, dada, nakubusu miguu, mfanyie kama wako. Yule nesi ananiinamia, uso wake mtupu karibu na wangu, na kwa upole ambao sijawahi kumwonyesha mgonjwa anasema, namfanyia kama ulivyomfanyia wa mwenzako. Mtoto anateleza. Naisikia sakafu ikimpokea. Analia mara moja, kidogo, na mimi nanyoosha mkono chini ya kitanda na kitanda kinapanda, nanyoosha tena na kinapanda tena, yeye anazidi kuwa mdogo kule chini kwenye saruji, nao wameketi wanakoroga chai.

Nafumbua macho. Benchi, au kitanda, sijui, mgongoni nahisi ubaridi na mapajani nimelowa, jasho labda. Dari ni ile ile ya hospitali yetu, lakini dari ile huonekana pia ukiwa umelala kitanda namba saba. Mwanamke anaita nesi, nesi, ameanguka, kwa sauti iliyopasuka. Sauti za wodi yangu nazijua zote, hii ninashindwa kusema ni ya nani, wala inatoka upande gani. Nafumba mdomo ili nisikilize vizuri. Sauti inakatika.