Chapa ya Chungwa

Kama kuna mtu aliyependa sifa ndogondogo pale mtaani Chechelesi, ni Mwalimu Asli wa chekechea. Hakutaka makubwa. Alitaka tu mzazi asimame mlangoni, aone ukuta umejaa kazi za watoto, aseme, "Ala! Huyu mwalimu anajua kazi." Ndiyo maana Alhamisi ile, alipokuta rangi ya shule imekauka mkebeni na machungwa ameshayakata nusu nusu, hakuahirisha somo. Alivuka barabara hadi nyumbani kwa kaka yake Roble, akachukua mkebe wa rangi nyekundu uliokuwa nyuma ya mlango. Hakumwuliza mtu.

Roble ni mfanyabiashara wa mbuzi, na rangi ile ndiyo alama yake. Akishanunua mbuzi sokoni, vijana wake huchovya kitambaa na kumgonga mgongoni doa moja la mviringo. Mbuzi hao huachwa wale vichaka vya mtaani mpaka lori lije, kisha vijana hukusanya kila mwenye doa jekundu na kumpakia. Asli alilijua hilo tangu utotoni, lakini anayekimbilia sifa hana muda wa kukumbuka.

Somo lilinoga. Watoto walichovya chungwa, wakaligandamiza kwenye karatasi, na walipoliinua wakakuta gurudumu jekundu lenye vipande vyake vyote. Kuno alipiga chapa kwenye karatasi, halafu kwenye meza, halafu kwenye kisogo cha mwenzake. Nakiru, msichana wa miaka mitano anayelelewa na nyanya yake, alipiga moja tu, akaitazama mpaka ikakauka. Asli alifurahi hata akazidisha. Alimpa kila mtoto nusu chungwa lake na kipande cha godoro kilicholowa rangi.

"Mkifika nyumbani," aliwaambia, "pigeni chapa kitu mnachokipenda kuliko vyote."

Ijumaa habari zikarudi. Kuno alikuwa amepamba kanzu ya babake ya msikitini, na mama mtu alikuja shuleni amefura. Asli aliomba msamaha huku akificha kicheko. Nakiru alipoulizwa alichopiga chapa, alitabasamu tu.

Jumamosi alasiri Asli alikwenda kurudisha mkebe kimyakimya, ameuficha chini ya shungi lake. Akakuta lori la Roble limesimama nje, mbuzi wanapakiwa. Kati yao alikuwamo jike mmoja mweupe, kiwele kimejaa. Mgongoni alikuwa na alama nyekundu, na haikuwa doa la kitambaa. Lilikuwa chungwa, vipande vyake vinahesabika.

Alimjua mbuzi yule. Ni Nakwang, mbuzi wa maziwa wa nyanyake Nakiru, aliyemsindikiza mtoto hadi lango la shule kila asubuhi. Neno moja lingetosha: mshusheni. Lakini Roble alikuwa amesimama na wageni wake wa Nairobi, na mkebe ulikuwa kwapani mwa Asli. Angeulizwa nani alitoa rangi. Na wageni wangesema Roble anapakia mbuzi wa watu. Asli akauma ulimi. Akajiambia atasema wakishafunga mlango wa lori. Wakafunga. Akajiambia atasema dereva akikaa kunywa chai. Dereva hakunywa chai.

Jumatatu Nakiru hakuja shule. Alikuja nyanya yake, Akaale, akasimama mlangoni na fimbo yake.

"Habari yako, mwalimu. Mtoto hatakuja leo. Nimemchapa sana, hata mimi naona aibu. Nilimwachia mbuzi achunge, akacheza mpaka imepotea. Saa hii hata chai tunakunywa strungi, bila maziwa."

"Yeye anasema nini?" Asli aliuliza.

"Hasemi kitu. Nachapa, yeye anafunga mdomo tu."

Asli alisema pole. Baadaye, akiwaimbisha watoto, aliona haya kwa hiyo pole yake kuliko ambavyo angeona kama angemtukana. Jioni hiyo akamwendea Roble, akamwambia yote.

Roble aligomba mpaka majirani wakachungulia. Akapiga simu Nairobi. Nakwang alikuwa ameshachinjwa.

"Chukua ile mbuzi nyekundu, iko na maziwa," alisema mwishowe, sauti imeshuka. "Mpelekee huyo mama mzee. Lakini sema ni sadaka, walaal, dada yangu. Watu wakisikia tumebeba mbuzi ya Mturkana, hiyo maneno haitaisha vizuri hapa mjini. Wewe unajua."

Asli alijua. Alijua pia kwamba shauri lile lilimfaa yeye kuliko Roble, na alijichukia kwa jinsi alivyolikubali upesi.

Kesho yake alimpeleka mbuzi. Akaale alimpapasa kiwele, akamtazama meno, akaachia kamba huku machozi yakimlenga. "Nimekuletea sadaka, nyanya," Asli alisema, macho yake chini. Mzee yule akatema mate kidogo kiganjani kama wafanyavyo wazee wa Kiturkana wakibariki, akampaka Asli kwenye paji la uso.

"Mungu akupatie watoto, akupatie mvua," alisema. "Nakiru! Kuja uone. Wewe unapoteza, mwalimu analeta. Sema asante."

Nakiru alitoka nyumbani akichechemea. Miguuni alikuwa na michirizi ya fimbo, na kucha zake bado zilikuwa nyekundu. Hakumgusa mbuzi. Aliweka mikono nyuma.

"Asante, mwalimu," alisema polepole. "Huyu sitampenda."

Akaale alikasirika, akauliza hiyo ni adabu gani. Lakini Asli alikuwa ameelewa, akakaa chini kwenye mchanga.

"Usimgombeze," alisema. "Hakumpoteza Nakwang. Mimi ndiye niliyewaambia wapige chapa wanachokipenda. Rangi ilikuwa ya Roble, ya mbuzi walionunuliwa. Vijana waliona nyekundu, wakampakia."

Akaale aliyapanga maneno yale kichwani, kisha akauliza.

"Wewe ulijua lini?"

"Nilimwona kwenye lori."

"Lori ikiwa hapa?"

"Likiwa hapa, nyanya."

"Na ukanyamaza."

"Nikanyamaza."

Akaale alimvuta Nakiru, akamkumbatia ubavuni mwake, akamfunika miguu kwa shuka kana kwamba fimbo ilikuwa bado inakuja. Kisha akaiokota kamba, akaifunga kwenye kigingi cha Nakwang.

"Mbuzi nachukua," alisema. "Hii si sadaka, ni haki ya mtoto. Lakini baraka yangu, hiyo unirudishie."

Asli hakujua baraka hurudishwaje. Alishika pindo la shungi lake, akajifuta paji la uso, na Akaale akamtazama mpaka alipomaliza.