Kibao cha Shaba cha Mwalimu Syombua

Siku ya soko pale Matiliku, Mwalimu Syombua aliingia dukani kwa Mulei akaomba chupa ya kyuteksi, ile nyekundu. Mulei alikuwa akipima sukari. Akaacha kijiko ndani ya gunia, akamtazama: mjane mtu mzima, mwimbaji wa kwaya, kichwani kitambaa cheusi cha kumwombolezea bintiye.

"Mwalimu, hii ni ya kucha," akasema.

"Najua ni ya nini. Nifungie."

Akamfungia ndani ya kipande cha gazeti. Kabla soko halijavunjika, kina mama wa kanisa walikuwa wamelisikia, na kila mmoja akalitia chumvi yake. Lakini Jumapili kucha za Syombua zilikuwa zile zile, fupi na zenye chaki, wakakosa la kusema. Kyuteksi ilikuwa ya kuchorea saketi.

Wengine hufuma vitambaa vya meza. Syombua alipenda umeme. Mumewe alipofariki, redio yao nayo ilinyamaza wiki hiyo hiyo, na kwa kuwa mume hangeweza kufunguliwa, aliifungua redio. Ikaongea. Tangu hapo mwanawe Kilonzo, anayefanya kazi Mombasa, kila akija likizo humletea majarida ya umeme na vipuri badala ya leso. Syombua alijifunza polepole, jioni baada ya kusahihisha vitabu vya watoto, hadi akaweza kubuni saketi ya kichwa chake mwenyewe.

Safari hii alitaka kengele ya kisima.

Mto wao ni mto wa mchanga. Mvua ikipita, maji huzama chini, na watu huyafuata kwa jembe. Kadiri kiangazi kinavyokaza ndivyo shimo linavyokwenda chini, mpaka anayechota haonekani hata kichwa. Mchanga mbichi husimama wima kama ukuta. Ukikauka, huja chini bila kubisha hodi. Mwezi wa nane Mumbua, bintiye Syombua, alikuwa chini akichota, mama yake juu akipokea. "Mama, pokea," Mumbua alisema, akainua jerikani. Syombua akaipokea, akageuka kuiweka kando ya nyingine. Alipogeuka tena, mchanga ulikuwa umelingana.

Sasa anayeshuka ni Mbinya, mke wa Kilonzo, na ana mtoto anayenyonya. Syombua hakuwa na maneno mengi kuhusu jambo hilo. Alitaka tu kitu cha kuchomeka kwenye ukuta wa kisima, kitakacholia mchanga unapoanza kukauka, mtu atoke. Hakutaka kumzika mwingine. Basi.

Alichora saketi kwenye karatasi ya hesabu, yenye miraba. Kazi ya kubuni kibao cha kubebea saketi si transista wala betri, ni njia. Kila mstari wa shaba lazima ufike unakokwenda bila kukatiza mwingine, na kibao ni kidogo. Alichora akafuta, akachora akafuta, hadi mistari yote ikafika kwa heshima. Kisha akaihamishia kwenye kibao kilichopakwa shaba, akaifuata kwa brashi na kyuteksi. Palipo na rangi, shaba ingebaki. Pasipo na rangi, asidi ingeila.

Asidi yenyewe ni unga wa kahawia unaochanganywa na maji, na hapo ndipo alipofanya alilofanya. Walipomtoa Mumbua, shimo lilijaa maji lenyewe, mengi na maangavu, katikati ya kiangazi. Lakini maji ya kisima kilichoua hayanywewi, hayapikiwi, hata punda hapewi. Wazee walitaka mbuzi achinjwe pale. Mchungaji akasema maombi yanatosha. Maombi yakafanywa, na bado hakuna aliyekunywa. Syombua aliona ni dhambi kuharibu maji ya kunywa kwa asidi wakati watu wanalala na kiu. Desturi haikusema chochote kuhusu asidi. Akachota hayo.

Alitikisa beseni la plastiki taratibu, kama mtu anayepepeta mbaazi. Shaba ilipokwisha kuliwa, alikitoa kibao, akakisugua kwa mchanga laini kuondoa rangi. Mistari iliyobaki haikuwa yake.

Alidhani asidi imepenya chini ya rangi. Akachukua kibao kingine, akapaka mara mbili, akaanika vizuri juani. Kikatoka vile vile. Cha tatu alikipaka chote, kona hadi kona, bila kuacha hata nafasi ya unywele, na hicho ndicho kilichotoka kisafi kuliko vyote.

"Hii ni nini, mama?" Mbinya aliuliza, mtoto mgongoni.

"Sijui. Si kengele."

Mbinya alikishika, akakigeuza. Akaweka kidole penye kona fulani ya mstari mrefu. "Si hapa ndipo lile jiwe lilitushinda? Tukazunguka?"

Syombua akavaa miwani. Kweli. Lilikuwa bomba. Miaka michache nyuma, kina mama wa lokesheni nzima walichimba mtaro wa harambee kutoka chemchemi ya kilimani hadi sokoni, kila boma kipande chake. Kipande chao kilikuwa na jiwe. Mumbua alilipiga hadi mpini wa sururu ukavunjika, akacheka, wakazunguka. Bomba likawekwa, mtaro ukafukiwa. Mfereji wa sokoni, ule wa koki, ulitoa maji siku ya kufunguliwa, kisha ukatoa upepo. Kamati ikasema chemchemi imepungua.

Kwenye kibao, chemchemi haikuwa imepungua. Mstari ulishuka kutoka kilimani mnene na wenye afya, ukazunguka lile jiwe, ukafika penye ua wa Mwenyekiti wa kamati ya maji, Bwana Musyoka, ukapinda. Ndani ya ua kulikuwa na duara pana la shaba, kama tangi. Mstari wa kwenda sokoni ulianzia hapo, mwembamba kama uzi, na ulikatika kabla ya kufika.

Syombua alijikalia kitako chini. Alilia, kwa sauti, kama ambavyo hakulia siku ya mazishi. Mbinya akamshusha mtoto, akampa ambebe, kwa maana hakujua lingine la kufanya.

Asubuhi yake walikwenda kwa Mwenyekiti. Walimkuta kwenye shamba lake la machungwa, viatu vimelowa. Aliwakaribisha vizuri, akaagiza chai, akapokea kibao kwa mikono miwili.

"Nani amechora?"

"Kimejichora, Mwenyekiti."

"Kazi safi." Akakisogeza kwenye mwanga. "Lakini hapa pamesahaulika kitu. Kuna tawi limekwenda kwa shemeji yangu, hivi." Akaonyesha kwa ukucha. Shaba ikamfuata ukucha, ikatulia. "Sasa ni sawa."

"Mwenyekiti, mtaro ule tulichimba sisi," Syombua alisema. "Mtoto wangu alichimba. Akaenda kufia mchangani akitafuta maji."

"Pole sana, Mwalimu. Nilikuja matanga, uliniona." Na kweli alikuja, na alikula. "Lakini fikiria. Hii miche nikiikatia maji saa hii, inakufa yote. Mama anaweza kutembea aende mtoni. Mchungwa hauwezi kutembea."

Mbinya akaguna. "Mwenye shibe," akasema, akaacha hapo.

Mwenyekiti hakukasirika. "Na hii yenu, nasikia inalia?"

"Nilitaka ilie kisima kikitaka kuanguka."

"Basi maliza, Mwalimu. Hilo ndilo jambo la maendeleo. Wamama wakae salama."

Syombua alirudi nyumbani akamaliza. Vibao vilikuwa vimekwisha, kwa hiyo alitumia hicho hicho. Alitoboa matundu kwa keekee, akapasha chuma cha kuchomelea kwenye jiko la makaa, akaanza. Ajabu ni kwamba vipuri vilikaa kana kwamba vimepimwa. Transista ilisimama penye ua wa Mwenyekiti, miguu yake mitatu penye njia tatu. Betri ilikaa kilimani. Kengele yenyewe ilikosa mahali. Sehemu iliyobaki ilikuwa mfereji wa sokoni, na huko hakukufika kitu. Akaiacha mezani.

Alichomeka waya kwenye kikopo cha mchanga mbichi, akakiweka juani. Mchanga ulipoanza kubadilika rangi, kibao kilisema, "Mama, pokea."

Mbinya alikuwa akianika nguo. "Ni Mumbua," akasema.

"Ni yeye."

"Sauti haijabadilika."

"Ataibadilishia wapi?" Syombua akamwagia mchanga maji, na kibao kikanyamaza.

Walikifunga kisimani kesho yake. Kina mama walijifunza haraka: ukisikia "Mama, pokea," acha kata, acha jerikani, panda. Mara ya kwanza Mbinya alitoka, na ukuta ukaja nyuma yake ukafunika kata. Mchungaji alikuja akasikiliza, akasema haoni kosa, binti alikuwa ameokoka.

Katika baraza Mwenyekiti alimsimamisha Syombua, akapigiwa makofi. Kamati ikapitisha kwamba kila kisima kipate kibao chake, na kwamba, kwa kuwa akina mama sasa wako salama, habari ya bomba isubiri. Vibao vikaletwa. Syombua alivitengeneza vyote kwa maji ya lile shimo, na vyote vilitoka na bomba lile lile, tawi la shemeji likiwemo. Sasa mtu akishuka na mto wakati wa alasiri, humsikia Mumbua kisima hadi kisima, akiita.

Tangu hapo hakuna aliyefunikwa. Syombua hushukuru kwa hilo kanisani, kwa moyo wote. Kisha hukaa chini na kuumia, kwa sababu anajua kwamba mtoto aliyezikwa angepaswa kupumzika, na kwamba bomba likifika sokoni, visima vitafukiwa na Mumbua atanyamaza. Bomba halijafika. Lori la machungwa huvuka mto pale kwenye kivuko, limejaa, na dereva hupunga mkono.

Alasiri Syombua akitoka shuleni hupitia mtoni, hata kama nyumbani kuna maji. Husimama ukingoni mwa kisima. Mbinya yuko chini. Mchanga unabadilika rangi, na sauti inasema, "Mama, pokea," na Mbinya anapanda juu haraka. Syombua amenyoosha mikono yote miwili juu ya shimo, viganja wazi, hageuki. Wanawake wengine hutazama pembeni. Mbinya humngoja kidogo, kisha humwekea jerikani mikononi, nzito, inayochuruzika, naye huipokea.