Maziwa ya Kuulia Viwavi

Renatus alikuwa anasuuza bomba la kupulizia dawa kwenye bwawa la kikundi cha wakulima, kijijini Kagerankanda, pomboo alipotoa kichwa majini kuvuta pumzi. Renatus akasogeza ndoo isije ikamgonga, akaendelea kusuuza.

Pomboo huyo alikuja na masika, akapanda mto hadi akaingia mfereji wa bwawa. Nesi Mwajabu, mtu wa Tanga aliyepangiwa zahanati ya pale, ndiye aliyewaambia kuwa anaitwa pomboo, na kwamba si samaki: anazaa na kunyonyesha. Kikundi kilijadili kidogo, kikakubali ale perege kama mwanachama mwingine. Kumtoa kungehitaji watu wengi, na wakati ule ulikuwa wa palizi.

Akazaa. Siku moja mtoto alikuwa ananyonya karibu na ukingo, maziwa yakarukia mahindi, na viwavijeshi wakadondoka wamekufa. Kesho yake Nduwayezu, aliyezoea kukamua ng'ombe, akaingia majini na ndoo. Maziwa yalikuwa mazito kama samli. Wakayachanganya na maji, wakapulizia mashamba. Yaliishinda dawa ya dukani.

Mwajabu akaenda kwenye kikao chao.

"Jamani, hiyo ni dawa yenu wenyewe. Mnasuuza mabomba humu, inaingia kwenye majani, perege wanakula majani, huyu mama anakula perege. Inakaa kwenye mafuta yake. Akinyonyesha, inatoka na maziwa, inamwendea mtoto. Na wa kwanza ndiye anayebeba nyingi. Mama anapunguziwa, mtoto anajazwa. Acheni kusuuza humu."

Watu walimsikiliza vizuri. Mwenyekiti, Stanislaus, akamshukuru kwa elimu.

"Sasa sista, huyu mama akiishiwa sumu, viwavi tutawaua na nini?"

"Na maji ya kusuuzia tukayafuate wapi, Tanga?" akadakia Nduwayezu.

Watu wakacheka. Mwajabu naye akacheka kidogo, kwa kuwa ombi lake la uhamisho lilikuwa bado halijajibiwa.

Mtoto wa pomboo akaanza kutetemeka, kisha akafa. Mama yake alizunguka bwawa akimbeba juu ya pua mpaka alipochoka. Watu walimzika mtoto kwenye migomba, na migomba ile haikuliwa tena na wadudu. Masika yaliyofuata pomboo akazaa mwingine, mnene, hachoki kuruka. Safari hii maziwa hayakuua hata sisimizi. Nduwayezu akayaita maziwa ya chai, akaudhika kweli.

Evaline, mke wa Renatus, alikuwa na mimba ya kwanza, na tangu aolewe alikuwa anakula perege wa bwawa lile. Walipokuwa wanapalilia maharage alimwuliza mama mkwe wake, Esteri.

"Mama, yule wa kwanza wa pomboo alikufa. Huyu wangu je?"

"Mimi wa kwanza nilimzika Mtabila, enzi za kambi ya wakimbizi. Wa pili ndiye huyo mumeo. Si unamwona alivyo?"

"Namwona. Lakini mimi namtaka huyu."

"Ego," Esteri akasema, yaani ndiyo, hakubisha. Akahamia tuta lingine.

Waliporudi nyumbani Evaline alimtoa kiwavi kwenye hindi, akamweka juu ya jani mbele ya mumewe. Maziwa yake ya mwanzo yalikuwa yameshaanza kutoka. Akakamua tone moja. Kiwavi akajikunja, akafa.

Renatus akamgeuza kwa kijiti.

"Usimwambie Stanislaus," akasema. "Atakuja na ndoo."

"Na wewe bomba utalisuuzia wapi?"

Renatus alifikiri sana, kwa sababu alimpenda mke wake. Kisha akabeba bomba mgongoni, akashuka bwawani. Alirudi na perege wawili wakubwa, maana mjamzito anatakiwa ale vizuri.